Mwezi wa Bwana Shamba na Mwaka wa Mkulima

  Leo sitaanza na mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kubahatisha shambani. Kwa nini mkulima mmoja yuko tayari kujaribu jambo jipya, na jirani yake hayuko tayari, na hali wote wawili wanalima udongo mmoja na wananyeshewa mvua moja? Sisi tunaofundisha kilimo tulizoea kujibu haraka: huyu ni mwelewa, yule ni mzito. Hata mimi nimesema hivyo. Siku hizi sisemi, na nitawaeleza ni nani aliyenifunga mdomo.

Nilipomaliza chuo nilipelekwa kufanya kazi katika kijiji kimoja cha Dodoma. Wanaoijua Dodoma wanazijua mvua zake. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na kwa mwaka mzima hupatikana kiasi cha milimita 500 hadi 600 hivi. Tena haziji kwa mpango. Katikati ya msimu, mara nyingi Februari, jua huweza kuwaka wiki mbili, tatu, mfululizo. Madaftari yangu ya chuo yalisema: panda mapema. Na ni kweli, kupanda mapema ni jambo jema, nalisema hata leo. Shida ni namna nilivyolisema siku zile.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye ekari nne. Kila mwaka alipanda kwa vipande. Kipande cha kwanza alikipanda kavu, kabla ya mvua, akitia uwele na mtama. Kipande cha pili alingoja mpaka udongo ulowe vizuri. Cha tatu baadaye tena. Mahindi aliyaweka kidogo tu karibu na nyumba, kwenye samadi. Mimi nikaona huku ni kupoteza wakati. Nikamwambia, “Mzee, mwaka huu panda ekari zote nne kwa mara moja, kavu, tena weka mahindi ya muda mfupi. Mvua ya kwanza ikinyesha, wewe umeshawatangulia wenzako.”

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwanangu, maneno yako mazuri. Lakini wewe ukikosea, mwisho wa mwezi mshahara unakuja. Mimi nikikosea, mwezi wangu unakwisha Juni ya mwaka mwingine.”

Nilicheka. Nilidhani ni mizaha ya wazee. Nikaendelea kumbembeleza, naye kwa heshima ya mgeni wa serikali akakubali.

Mvua ilinyesha wiki ya kwanza ya Desemba, mbegu zikaota vizuri sana, hata mimi nikawa napita pale na baiskeli makusudi ili nitazame. Halafu jua likawaka wiki tatu. Miche yote ikakauka. Miaka mingine kipande kimoja tu ndicho kingekufa, na mbegu ya vipande viwili ingekuwa bado imo ndani ya kibuyu. Mwaka ule kibuyu kilikuwa kitupu.

Mzee akauza mbuzi wawili, akanunua mbegu, akapanda tena Januari ekari mbili. Hizo nazo hazikupata maji ya kutosha. Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Wiki ya kwanza ya Februari nikamkuta anapanda mara ya tatu, mahindi tena, kwa mbegu ya mbuzi mwingine. Kila mtu pale kijijini alijua kwamba mahindi ya Februari hayatakutana na mvua wakati wa kutoa mbelewele. Nikamwuliza, “Mzee, mwezi wa Novemba uliogopa kubahatisha, mbona sasa unabahatisha kuliko mimi?” Akanijibu bila kuinua kichwa, “Mwezi wa Novemba nilikuwa na kitu cha kulinda.”

Alivuna mabua ya kulisha ng'ombe. Nyumba yake ilikula chakula cha kununua na cha kuomba karibu mwaka mzima, na mjukuu wake mkubwa aliacha masomo akaenda mjini kutafuta kibarua.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Mtu alikuwa ni yule yule, na akili zake ni zile zile. Kilichobadilika ni wakati uliokuwa mbele yake. Mwezi wa Novemba aliona mwaka mzima, akawa mwangalifu. Mwezi wa Februari aliona njaa ya wiki ijayo tu, na mtu anayeona wiki moja mbele hufanya moja kati ya mawili: ama hathubutu kitu chochote, ama anatupa vyote alivyobakiza kwa mpigo mmoja. Tukimwona wa kwanza tunasema ni mwoga, tukimwona wa pili tunasema ni mjinga. Kumbe wote wawili wamekaa mahali pamoja.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukiletewa jambo jipya na mimi au na bwana shamba mwingine yeyote, usiulize tu “nitapata kiasi gani?” Uliza pia: “Nikikosa, nitakosa kwa muda gani?” Hatari ina uzito, na ina urefu vilevile. Mwenye duka akikosea katika kununua bidhaa, huenda wiki ijayo akarekebisha. Mkulima wa Busia au Bungoma, kule magharibi ya Kenya, wanakopanda mara mbili kwa mwaka, akikosa msimu mmoja ana tumaini la msimu wa pili. Mkulima wa Dodoma au Singida ana mvua moja. Akikosa amekosa miezi kumi na miwili. Basi usishangae akichagua mtama, ambao jua likiwaka husimama kidogo, kisha mvua ikirudi huendelea, akaacha mahindi yasiyosamehe ukame wakati wa maua.

Hayo ni ya kupanda. Sasa tutazame mavuno, maana hapo ndipo wakati unapotudanganya zaidi.

Mwezi wa Juni gunia limejaa, na madeni yamekaa mlangoni. Kuna dawa za mtoto, kuna sare za shule, kuna harusi ya ndugu. Februari iko mbali, inaonekana ndogo kama mtu aliye upande wa pili wa bonde. Basi gunia linauzwa Juni, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Februari inapofika, mtu yule yule anakwenda sokoni kununua mahindi kwa debe, na fedha aliyouzia debe sita sasa haimpatii hata nne. Kule Kagera mambo yalikwenda mbele zaidi. Wakulima wengine waliuza kahawa ingali maua mtini, wenyewe wanaita butura. Mnunuzi anatoa fedha leo, kahawa ikiiva ni yake, tena kwa bei ya chini kabisa. Yule muuzaji haoni kama amebahatisha. Anaona amekwepa hatari, maana fedha anayo mkononi. Kwa kweli ameihamisha tu hatari ile kutoka mwezi huu kwenda mwezi mwingine, na huko inamngojea ikiwa imenenepa.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Kuweka mahindi ghalani nako ni kubahatisha. Tangu dumuzi alipoonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitoka kwao huko Amerika ya Kati, mkulima anaweza kuweka mahindi mazuri Julai na Januari akakuta unga na makapi. Mtu aliyelizwa na dumuzi mara moja huuza mapema kwa haki yake. Kwa hiyo dawa ya kuuza mapema si kuhubiriana. Ni kwanza kuhakikisha kwamba kilichowekwa kitafika salama. Pukuchua mahindi, usiyaweke katika magunzi. Anika mpaka yakauke kweli kweli. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Kisha tumia dawa ya unga ya ghalani kwa kipimo kilichoandikwa, au ile mifuko yenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje. Ukiifunga vizuri, hewa inakwisha mle ndani na wadudu wanakufa bila dawa yoyote. Angalia tu panya wasiitoboe.

Jambo la pili ni kukutanisha fedha na shughuli yake mapema. Katika Busia, wataalamu wa uchumi watatu, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walifanya majaribio na wakulima, taarifa yao ikachapishwa mwaka 2011. Wakulima walioonyeshwa mbolea katika mashamba ya mfano karibu wote walisema msimu ujao watanunua. Msimu ulipofika, walionunua hawakufika hata nusu. Je, walisema uongo? Hapana. Siku waliyosema walikuwa na fedha na siku ya kununua ilikuwa mbali. Siku ya kununua ilipofika fedha ilikwisha kwenda. Basi likajaribiwa jambo dogo. Mara tu baada ya kuvuna, mkulima akaendewa nyumbani na kuambiwa: lipa sasa mbolea ya msimu ujao, tutakuletea bila nauli. Watu wengi wakalipa. Punguzo la nusu ya bei lililotolewa baadaye, wakati wa kutia mbolea, halikulishinda jambo hilo dogo. Na kule Bungoma ilionekana, katika taarifa ya wataalamu wengine ya mwaka 2019, kwamba wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliuza kidogo, wakaweka zaidi, wakauza baadaye bei ilipopanda. Mkopo huo haukuwa wa kulima, ulikuwa wa kuwawezesha kungoja.

Sasa nyumbani kwako. Mtu asikudanganye kwamba lazima ungojee mradi. Keti na mama watoto, au na mzee wako, hesabuni pamoja. Tuseme nyumba yako inakula debe tatu kwa mwezi. Kutoka Juni hadi Mei ni miezi kumi na miwili, basi ni debe 36, yaani magunia sita. Magunia sita hayo yafunge, yawekee alama, yasiitwe tena mahindi ya kuuza. Yale yanayozidi ndiyo uanze nayo: kwanza toa mbegu na mbolea ya mwaka ujao, zinunue pale pale fedha ikiwa ingali mkononi. Mbolea iweke juu ya mbao, mahali pakavu, mbali na chakula na mbali na watoto. Mbegu ya pakiti soma tarehe yake ya mwisho kwanza. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha sare na cha harusi. Najua wengine wenu mavuno hayafiki magunia sita. Basi hesabu miezi unayoweza kuifikisha, na anza kuilinda kutoka mwisho, yaani Februari na Machi kwanza, maana Juni na Julai kuna viazi, kuna kunde, kuna vibarua vya kuvuna, na bei ni nafuu.

Kuhusu kujaribu mambo mapya, usikatae na usikubali ekari zote. Chukua kipande ambacho kikifa chote, nyumba haitalala njaa. Kwa wengine ni robo ekari, kwa wengine ni matuta kumi tu. Wala bwana shamba asikuharakishe. Na ukipanda kavu, panda sehemu, mbegu nyingine ibaki. Sehemu inayofuata ingoje mpaka ufukue ardhi na kukuta unyevunyevu umefika chini kiasi cha urefu wa mkono, kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kifundo.

Mimi sasa nafundisha vijana chuoni, na kabla hawajaenda vijijini nawaambia swali la kwanza la kumwuliza mkulima si ekari ngapi. Waulize, “Ghalani kuna chakula cha miezi mingapi?” Jibu likiwa mwezi mmoja, wafunge kwanza daftari la mbegu mpya, wafungue lile la hifadhi.

Yule mzee yuko hai. Nilipita kwake baada ya mavuno yaliyopita nikamwamkia, akanipeleka moja kwa moja ghalani. Alikuwa na magunia ya mtama na viroba viwili vya mahindi vimefungwa kamba nyekundu. “Hivi ni vya Februari,” akasema, “hata wewe ukija na njaa hupewi.” Kisha akanitoa nje, akanionyesha kipande cha shamba kando ya mkuyu, kiasi cha robo ekari, kimefyekwa tayari. Hapo, alisema, msimu ujao atajaribu alizeti, na akaniuliza nafasi ya kati ya mche na mche. Nikamwambia sentimita 30, mstari na mstari sentimita 75. Akapima kwa hatua zake, akapachika kijiti.