Ulizia mvua ya uendako

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza masika, wengi huchukulia kuwa nchi nzima italowa. Sivyo. Tanzania ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 945,000, na mvua zake hazifuati kalenda moja.

Pwani ya kaskazini, Kilimanjaro na Kanda ya Ziwa hupata misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Lakini Dodoma, Tabora, Mbeya na Ruvuma zina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Ndiyo maana Januari, abiria anaweza kuacha jua kali Dar es Salaam akakuta matope Songea. Na Mei, Dar ikiwa bado na madimbwi, Dodoma vumbi limeshaanza kutimka.

Baridi nayo ina mwenyewe: mwinuko. Juni na Julai, mkazi wa Temeke hulala na shuka moja. Njombe, watu huota moto jikoni, na uwanda wa Kitulo asubuhi nyasi huweza kuganda kwa sakitu. Miezi hiyohiyo kusi huvuma kwa nguvu, na anayevuka kwenda Unguja ajiandae kwa mawimbi.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, sikiliza utabiri wa mkoa uendako, kisha mpigie simu mwenyeji wako. Sweta haina uzito begini. Kuinunua stendi saa kumi alfajiri ukitetemeka, bei anapanga muuzaji.