Kopo la Mkaa na Shahada ya Ughaibuni: Kujiandaa kwa Uzamili wa Sera na Uchumi wa Mazingira

Mada iliyowasilishwa kwa wahitimu wanaotafuta masomo ya uzamili

1. Utangulizi



Nimeombwa nieleze jinsi ya kusomea shahada ya uzamili ya kimataifa katika sera na uchumi wa mazingira. Nitaeleza, lakini hoja yangu kubwa ni moja: zana za fani hii utazikuta hukohuko uendako, lakini swali ondoka nalo nyumbani.

2. Kinachofundishwa

Mwaka 1920 Arthur Pigou wa Cambridge alionyesha kwamba bei ya sokoni huweza kuficha gharama anayobebeshwa mtu asiyehusika na biashara yenyewe. Mwenye kiwanda anauza, mteja ananunua, anayekohoa ni jirani. Dawa yake ilikuwa kodi. Mwaka 1960 Ronald Coase akajibu kwamba haki zikiwa wazi, na majadiliano yakiwa hayana gharama, wahusika wanaweza kuelewana wenyewe. Garrett Hardin naye, mwaka 1968, akadai kuwa malisho ya wote mwisho wake ni kuharibiwa. Aliyempinga kwa ushahidi ni Elinor Ostrom: kitabu chake cha mwaka 1990 kilionyesha wanavijiji wa Uswisi, Japani na kwingineko wakijiwekea kanuni za kutunza mali ya pamoja na kuzisimamia. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya Uchumi. Kwetu Tanzania, ambako Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, ubishi huo si wa vitabuni tu.

Juu ya nadharia hizo huja hesabu: mikroekonomia, ekonometriki, uchanganuzi wa gharama na faida. Hapo ndipo wengi wetu tuliotoka kwenye sayansi ya misitu au jiografia hukwama. Rudia kalkulasi na takwimu kabla ya kupanda ndege.

3. Njia za kupita

Ya kwanza ni Erasmus Mundus, programu zinazoendeshwa kwa pamoja na vyuo kadhaa, ambapo mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili. Anayepata ufadhili hulipwa euro 1,400 kwa mwezi. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo Oktoba uwe tayari na matokeo yako ya chuo, pasi ya kusafiria na wadhamini wa kitaaluma waliokwisha kukubali kukuandikia barua.

Ya pili ni ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, kwa kozi za maendeleo. Huo hutaka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na kwa kawaida isiwe imepita zaidi ya miaka sita tangu upate shahada yako. Aliyeajiriwa halmashauri asijione amechelewa. Huenda yeye ndiye anayetafutwa.

Ya tatu iko karibu. AERC, jumuiya ya utafiti wa uchumi Afrika iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1988, imewakutanisha wanafunzi wa uzamili wa uchumi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina kituo cha utafiti kilicho ndani ya mtandao wa Environment for Development, ulioanzia Gothenburg, Uswidi. Kimataifa si lazima iwe Ulaya.

Popote uendapo, waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) mapema kama shahada hiyo itatambuliwa.

4. Kopo la mkaa

Siku moja darasani, ughaibuni, mhadhiri alitupa kisa: katika jiji fulani la Afrika, kupikia gesi kwa mwezi ni nafuu kuliko mkaa, na bado watu wananunua mkaa. Kwa nini? Wenzangu wakajibu: elimu ndogo, mila, ladha ya chakula.

Mimi nilimkumbuka mama muuza mkaa wa mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam. Kipimo chake ni kopo la rangi la lita nne lililobonyezwa kitako ili libebe kidogo. Mteja analijua bonyeo lile, analilalamikia, na kesho anarudi. Anarudi kwa sababu mkononi ana hela ya maharage ya leo na mkaa wa leo. Mtungi wa gesi unataka hela ya mwezi mzima kwa mkupuo. Mkaa unafuata mfuko wake ulivyo. Gesi inamtaka auandae mfuko kwanza.

Nilipoeleza hivyo, mhadhiri aliweka chaki chini akaniuliza: "Umeshalipima hilo?" Sikuwa nimelipima. Tasnifu yangu ilianzia hapo.

Leo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Afisa aliyeshika lile kopo atauliza kwanza gesi inauzwa kwa kipimo gani, ndipo aje kwenye mabango ya kuhamasisha.

5. Mapendekezo

(a) Barua ya maombi isianze na "Tangu utotoni nimeyapenda mazingira." Anza na jambo uliloliona, likakushinda kulieleza.

(b) Chagua programu kwa kuangalia wahadhiri wanaoshughulikia swali lako. Jina la jiji lije baadaye.

(c) Utafiti wa tasnifu omba kuufanyia nyumbani, na nakala uipeleke kijijini au mtaani ulikohoji watu.

6. Maswali ya mjadala

Kila mmoja achukue karatasi aandike: ni bei gani, pale unapoishi, isiyosema ukweli wote? Nani anailipa tofauti? Tutasomeana baada ya chai. Atakayekuwa na jibu la swali la pili ameshaandika nusu ya barua yake ya maombi.