Rezo ni yetu, lakini nani mwengine anasikia?



Wengi wenu mulisikia habari ya Talea de Castro, muji mudogo ndani ya milima ya Oaxaca, kule Mexico. Makampuni makubwa ya simu hayakuona faida ya kuwawekea antena. Mwaka 2013 wanainchi wakajiwekea yao, pamoja na shirika Rhizomatica: antena ndogo, ordinatere, na programu za bure. Mwaka 2016 serikali ya kule ikatoa ruhusa rasmi ya masafa.

Sisi wenye tulikatiwa intaneti tarehe 31/12/2018, siku moja tu kisha uchaguzi, tukisikia vile roho inafurahi. Rezo yetu wenyewe! Sawa. Lakini rezo ya 2G ikisimama bila kode, sauti yako inatembea hewani wazi. Mutu mwenye kipokezi cha redio cha bei rahisi na laptop anaweza kukusikiliza, na simu nyingi hazitakuonyesha hata alama moja ya kukujulisha.

Dawa iko, na iko ndani ya programu. Kwa OpenBTS kuna mustari unaitwa GSM.Cipher.Encrypt, unaweka 1. Kwa Osmocom unaandika encryption a5 na namba ya kode yenye unataka. Utasema: dakika mbili, imeisha. Haiishe! Kode inahitaji ufunguo.

Kila SIM iko na namba ya siri, Ki, na rezo inapashwa kuwa na kopi yake. Rezo inatuma namba ya bahati nasibu, SIM inaipigia hesabu na Ki yake, inarudisha jibu, na hesabu hiyo hiyo njo inazaa ufunguo wa kufunga sauti. Sasa ile SIM ulinunua barabarani, Ki yake iko kwa kampuni peke yake. Ukiipokea kwenye rezo yako, mwenye nayo ataongea wazi hata kama uliweka 1. Kwa hiyo ni kununua SIM tupu na kuandika Ki moja moja, watu mia moja, SIM mia moja. Hapa njo kazi yote inalala, na hapa njo watu wanachoka.

Kode gani? A5/1 ilivunjwa mbele ya watu wote: mwisho wa 2009 Karsten Nohl alieleza kule Berlin namna ya kuifungua. A5/3 ni nguvu zaidi, lakini simu nyingi za zamani, zile za mama zetu sokoni, haziijui. Mimi naona tuweke zote mbili, A5/3 itangulie, na mwenye simu ya zamani tumuambie kweli, tusimudanganye eti amelindwa.

Tena, ile kode inalinda tu njia ya hewani. Kisha antena, sauti iko wazi ndani ya ordinatere yetu. Kama tuko na antena mbili zinaongea kwa wifi, katikati yao tunapashwa kuweka VPN. Na ile faili ya Ki za watu wote: mwenye kuiiba anaweza kufungua hata mazungumzo ya zamani yenye mutu alirekodi hewani. Diski ifungwe na neno la siri.

Kitu kingine chenye kode haiponyeshe: ndani ya 2G, simu inajitambulisha kwa rezo, lakini rezo haijitambulishe kwa simu. Mutu anaweza kusimamisha antena ya uongo yenye jina letu. Majina ya watu wenye wako hatarini, peleka kwa Signal. Kama simu yako ya Android iko na kitufe cha kuzima 2G, kizime siku ile.

Ruhusa ya masafa hapa kwetu inapita kwa ARPTC, hiyo tutaiongelea siku ingine. Leo, mbele mutu achange hata franka moja ya antena, nataka majibu mawili: nani ataandika zile SIM, na ile ordinatere italala nyumba ya nani?