Klachi Mpya, Mafuta Yale Yale

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya klachi ya motokaa. Mama uliye jikoni ukipika chai, usiifunge redio yako bado. Neno lenyewe litakufikia, hata kama hujapata kushika usukani.

Dereva anayepanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru anakijua kilima tunachokisema. Kando ya barabara ile liko kanisa dogo lililojengwa na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita, mwaka 1942, walipokuwa wakiichonga barabara ukingoni mwa Bonde la Ufa. Wengi hulipita bila kuliona, maana macho yao yamelikazia lori lililo mbele. Basi klachi iliyochoka haijifichi kilimani hapo. Pikapu imebeba magunia ya vitunguu, dereva ameweka gia ya tatu, anakanyaga mafuta. Injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Pengine wazidi kupungua. Kisha inakuja harufu kali ya kitu kinachoungua. Abiria husema, "Injini hii imekwisha." Sivyo. Injini ni nzima. Nguvu ipo, ila haifiki magurudumuni.

Kati ya injini na giaboksi pana gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka pamoja na injini. Limekabiliana na sahani nyembamba ambayo mafundi waiita pleti, iliyobandikwa pande zote mbili utando mgumu unaofanana na ule wa breki. Nyuma yake pana presha pleti yenye springi kali, inayoibana sahani ile kwenye flaiwili. Ukikanyaga pedali, beringi inasukuma springi, sahani inaachiliwa, nawe wabadilisha gia. Ukiondoa mguu, inabanwa tena na nguvu inapita. Kila inaposhika husuguliwa kidogo, na utando huliwa mpaka ribiti zinazoushikilia zikaribie kuonekana. Hapo klachi huteleza. Wako madereva wanaoimaliza mapema kwa kuupumzisha mguu juu ya pedali safari nzima, wasiiache wala wasiikanyage. Hao tutawashughulikia siku nyingine.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha. Simama mahali tambarare, pasipo mtu mbele wala nyuma, vuta breki ya mkono kwa nguvu, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, halafu achilia klachi polepole. Ikiwa nzima, injini itazimika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea, izime mara moja. Umekwisha pata jibu, na kurudia ni kuiunguza bure.

Kazi hii yaweza kufanywa nyumbani, na wengi wameifanya chini ya mwembe. Twazungumzia motokaa yenye injini mbele na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama zilivyo pikapu nyingi. Zile zinazovutwa na magurudumu ya mbele zina taratibu zao na taabu zao. Lakini hatutaki awepo mjane kwa sababu ya klachi. Motokaa isisimame juu ya jeki peke yake hata dakika moja wakati mtu yuko chini yake. Isisimame juu ya mawe ya kujengea, maana jiwe hupasuka bila kutoa habari. Itegemezwe kwa stendi za chuma, juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari. Kisha itikise kwa mikono kabla hujaingia. Asiye na stendi na angoje. Vitunguu vyaweza kuchukuliwa na gari la jirani.

Tenga betri. Mwaga mafuta ya giaboksi. Propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu nyuma, itiwe alama kabla ya kufunguliwa ili irudi vile vile ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka. Ondoa stata, fungua kinachounganisha klachi na pedali, tegemeza giaboksi, ndipo ulegeze boliti zinazoishika kwenye injini. Hapo mwite mtu wa pili. Giaboksi ni nzito, na ikiachwa ining'inie kwa shafti yake ndani ya pleti, yaweza kuipinda. Ivutwe nyuma moja kwa moja. Boliti za presha pleti nazo zilegezwe kidogo kidogo, upande huu na upande ule kwa zamu. Vumbi utakalolikuta humo usilipulize kwa mdomo. Klachi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Sasa tumefika tulipotaka kufika. Sahani ya zamani i mkononi mwako. Itazame vizuri kabla hujaitupa. Ikiwa kavu na imeliwa sawasawa, imezeeka tu, imefanya kazi yake, na mpya itatosha. Lakini ikiwa imelowa mafuta, klachi siyo mgonjwa. Mgonjwa yuko karibu yake. Mwisho wa injini pana pete ya mpira iitwayo sili, inayozuia mafuta yasitoke. Na mbele ya giaboksi pana nyingine. Mojawapo inavuja. Mafuta ya injini yaliyotumika huwa meusi; ya giaboksi kwa kawaida huwa mazito zaidi na yana harufu yake kali. Fuata njia yalikotoka, ujue ni ipi.

Ni hapa watu wengi wanapoiharibu kazi. Jua linatua, mikono imechoka, pleti mpya imo katika sanduku lake, na sili haikununuliwa. Mwenye gari asema, "Yatosha, tufunge." Wanafunga. Jumatatu gari linapanda kilima kama mbuzi. Baada ya miezi michache lanuka tena, naye alilaumu duka kwamba limemwuzia pleti mbaya. Sili yenyewe bei yake ni ndogo mno kando ya bei ya klachi. Kilichokuwa ghali ni kufika mahali ilipo, naye alikuwa amekwisha fika.

Ndugu, nyumba ngapi tumeziona zikitengenezwa namna hii! Mume amerudi amelewa, ametumia karo ya watoto. Wazee wanaitwa, wanaketi, chai inapikwa. Anaomba msamaha kwa machozi, na machozi hayo ni ya kweli, hatuyadharau. Mkewe anasamehe, maombi yanafanywa, watu wanakwenda zao. Hakuna aliyeuliza siku ya mshahara fedha zake hupitia wapi. Hakuna aliyeuliza habari za wale marafiki wanaomngoja kituoni kila mwisho wa mwezi, wala deni alilo nalo kilabuni, ambalo mkewe halijui. Msamaha mpya umewekwa juu ya mafuta yale yale. Na mwaka ufuatao, mama yule anapokataa kuwaita wazee, twasema moyo wake umekuwa mgumu. Twamsema vibaya. Yeye ndiye wa kwanza kuona panapovuja.

Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru kule Yeriko, hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani kwake. Alisimama akataja mali. Nusu iwaendee maskini, na kila aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Fikiri jioni ile katika mji wake, majirani wakija mlangoni kutaja walichonyang'anywa, na yeye akihesabu. Hayo yalimgharimu kuliko machozi. Luka ameiandika habari hiyo katika sura ya 19, nanyi mwaweza kuisoma leo kabla ya kulala.

Wewe uliye mzee wa kanisa, ukiitwa tena katika nyumba kama hiyo, usiyaharakishe maombi ya kufunga. Uliza habari za mshahara. Uliza deni ni kiasi gani, na ni nani anayelidai. Kama pombe imemtawala mtu siku nyingi, apelekwe kwa daktari pia, maana mwili uliozoea pombe kila siku waweza kupata hatari kubwa ukinyimwa kwa ghafula. Kumwombea na kumpeleka hospitali havipingani. Na kama mke anapigwa, asirudishwe usiku ule kwa sababu tu mume amelia. Maswali haya yatawachukiza wengine. Wataambiwa wazee wameingilia mambo ya nyumba ya mtu. Lakini mlikwisha ingilia mlipoitwa. Mlikuwa mmekwisha fungua giaboksi.

Turudi chini ya mwembe tumalize. Sili mpya imewekwa. Flaiwili imefutwa ikakauka, nawe umeitazama kama ina nyufa au madoa ya buluu ya kuungua. Ikiwa nayo, ipelekwe kwa fundi wa mashine. Beringi ya klachi ibadilishwe papo hapo, usije ukarudi humo kwa ajili yake peke yake. Pleti mpya ishikwe kwa mikono safi isiyo na grisi. Iangalie imeandikwa upande gani uelekee flaiwili, kisha iweke katikati kabisa kwa chombo chake, au kwa kijiti cha duara kilichozungushiwa utepe mpaka kikaenea tunduni. Isipokuwa katikati, giaboksi haitaingia hata mkisukuma hadi usiku. Kaza boliti kwa zamu kama ulivyozilegeza. Rudisha yote, tia mafuta ya giaboksi, rekebisha pedali. Kilomita mia chache za kwanza, usibebe mzigo mzito wala kuondoka kwa nguvu kilimani.

Tuombe. Bwana, wako watu watakaopokea mshahara Ijumaa hii, na wake zao wameanza kuhofu tangu leo. Wape hao waume ujasiri wa kusema deni ni kiasi gani. Wape wazee subira ya kukaa mpaka lisemwe. Amina.