Kabla Hujanunua Mtumbwi

Msikilizaji wetu wa Karema na Ikola, unayetafuta mtumbwi wa kuvulia migebuka, rangi isikuvutie kwanza. Piga magoti ndani yake, ubonyeze maungio ya mbao kwa kidole: pamba ya kuzibia ikiwa laini na inatoa maji, fundi azibe upya kabla hujalipa. Chagua chombo kipana. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na kusi la kiangazi huinua mawimbi makali. Kila mvuvi awe na jaketi okozi lake, na alivae, asilikalie! Nakusihi sana hapo. Beba kopo la kutolea maji, kafi la akiba na tochi, na kabla ya safari ya kwanza chombo kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.