Akiba ya Jikoni



Kikundi kimetimiza miaka 10. Hela tumeweka, na afya je? Tulikuwa tunarudi Mbweni usiku, tumechoka, watoto tunawapa chai na maandazi, basi. Mwenzetu mmoja, mjamzito, akaambiwa kliniki damu imepungua. Tukashtuka.

Siku hizi maharage tunaloweka usiku, dagaa tunachambua Jumapili. Ugali ni wa dona, maana sembe imekobolewa: pumba na kiini vimebaki mashineni. Tembele tunakamulia limao, mwili upate madini ya chuma. Chai tunakunywa baadaye, kwani huyazuia madini hayo.

Mwenzetu alijifungua salama. Jamani, akiba ya kwanza ni mwili.