Siku za Mgonjwa wa Figo
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Mimi si daktari. Shule yangu ilikuwa ya misheni, na iliishia darasa la nane. Lakini mtu wa karakana aweza kulielewa jambo hili, maana figo ni chujio.

Kila mtu ana figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi, nazo ziko mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja kama lita 180 za maji ya damu. Karibu yote hurudi mwilini, na lita moja au mbili hutoka pamoja na taka, ndio mkojo. Chujio la injini likiziba twatia jipya. Figo iliyochakaa hivyo haifufuki, tena huchakaa kimya kimya. Mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu za figo zake na bado akabeba mataruma ya reli. Akianza kuvimba miguu na kutapika, mara nyingi amekwisha chelewa. Wauaji wakubwa ni ugonjwa wa sukari na presha. Presha hupimwa kwa dakika chache, basi nendeni mkapimwe. Nanyi mnaomeza Brufen kila jioni kwa ajili ya mgongo, muulizeni daktari kwanza, maana dawa hizo zikizidi huumiza figo.

Figo zikishindwa kabisa, na kama hakuna mtu wa kukupa yake, wengi husafishwa damu kwa mashine. Damu hutoka mkononi kwa mpira, hupita katika chujio, kisha hurudi. Kazi hiyo huchukua kama saa 4. Madaktari hutaka ifanywe mara 3 kwa juma. Hapa kwetu wengi huenda mara 2. Haiponyi ugonjwa. Anayeiacha kwa kawaida hufa baada ya siku au majuma machache.

Sasa sikilizeni habari ya Seattle, Marekani. Zamani mashine ilifaa mara chache tu, kwa sababu kila mara mishipa mipya ilipaswa kukatwa. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner alitia mpira wa kudumu katika mkono wa Clyde Shields, fundi wa mashine katika kiwanda cha ndege. Fundi huyo aliishi miaka 11 zaidi. Lakini mashine zilikuwa chache na fedha chache, ikaundwa kamati ya watu 7 ya kuchagua nani atibiwe. Walikuwamo mchungaji, mwanasheria, mtu wa benki, mama wa nyumbani, na kiongozi wa wafanyakazi. Walitazama umri wa mtu, kazi yake, watoto wake, hata kama huenda kanisani. Kiti cha yule mwenzetu mimi nisingekitaka. Mwaka 1972 sheria ikapitishwa kwamba Serikali ilipie karibu kila mgonjwa wa namna hiyo.

Kwetu Kenya, NHIF ililipia mara 2 kwa juma, na tangu 2015 mashine zilianza kupelekwa katika hospitali za kaunti. Tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo ilihamia SHA, nasi twakatwa shilingi 2.75 katika kila 100 za mshahara. Kateni shauri na karani wenu wa mishahara: fedha zimekatwa, je, zimefika? Zisipofika, mgonjwa ndiye anayerudishwa mlangoni.

Lakini hata ikilipwa mashine, siku hazilipwi. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mgonjwa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kwa mwaka. Mara 2 kwa juma ni siku 104. Hesabuni wenyewe: siku 14 zimekwisha katika majuma 7. Namjua mtu aliyefanya zamu ya usiku, akatoka kazini asubuhi akaenda moja kwa moja kulala kwenye mashine, ili asipoteze mshahara wa siku ile.

Sheria imesema “angalau”. Mapatano yaweza kutoa zaidi. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba Katibu aandike katika madai yetu ya mapatano yajayo: siku za mashine zihesabiwe mbali na siku za ugonjwa, zilipwe, na mgonjwa aruhusiwe kuchagua zamu. Nani ataniunga mkono?